Mkono Usiotetemeka

Gundi ndiye aliyewaona kwanza, kwa sababu meza yake ya kukunjia kadi ilielekea dirisha la mbele.

"Bibie," alisema, mikono yake ikiendelea kukunja, "mtu wako anavuka barabara. Na hayuko peke yake."

Nukta aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Jina hilo alipewa utotoni kwa ufupi wake, likambakia ukubwani kwa sababu nyingine: akishasema neno, mjadala umekwisha. Alikuwa mchoraji wa herufi wa karakana ile ya uchapaji, na asubuhi hiyo alikuwa akirekebisha lebo ya sanduku la keki.

"Yuko na nani?"

"Na mama yake."

Nukta hakuwa mtu wa kusema moyo umemwenda mbio. Aligundua tu kwamba alikuwa amebonyeza kitufe cha kuhifadhi mara tatu, kwa kazi iliyokuwa imeshahifadhiwa.

Kwa miaka mitatu alikuwa akipendana na mwalimu wa jiografia, na kwa muda wote huo mapenzi yao yalikuwa yakiishi chini ya miavuli, kwenye viti vya nyuma vya ukumbi wa sinema, na ndani ya karakana hii wateja wakishaondoka. Mama yake Mwalimu hakujua. Mwalimu aliahidi kumwambia shule zikifungwa. "Nitamleta mwenyewe kazini kwako," alisema, "akuone na penseli mkononi. Akikuona ukifanya kazi atakuona wewe, hatamwona dada yako." Shule zilikuwa zimefungwa juma lililopita.

"Hiyo penseli itoe kwenye nywele," Gundi alisema. "Na utabasamu kidogo. Siyo hivyo, shoga. Hivyo unatisha."

Nukta aliitoa penseli. Mlango ukafunguliwa. Mama aliingia, mrefu, amenyooka, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo kama ilivyomning'inia miaka yote alipokuwa akifundisha darasa la kwanza. Mwalimu alimfuata. Nukta alimtafuta macho, akangoja. Lakini Mwalimu hakumtazama. Alikuwa bado ameushika mlango, akimshikia mtu mwingine.

Mtu wa tatu, mwanamke, aliingia na koti jeupe la kazini mkononi.

"Ni hapa!" alisema kwa furaha. "Jamani, si niliwaambia? Hata kibao chao cha nje ni herufi zilezile."

"Karibuni," Nukta alisema. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Mama aliipandisha miwani puani, akamtazama kwa muda. "Ngoja. Wewe si mdogo wake yule?"

"Ndiye mimi."

"Mungu wangu." Akamgeukia mwanawe. "Ulijua kama yuko hapa?"

"Nilijua anafanya kazi za uchapaji, Mama," Mwalimu alisema, akiiambia sakafu. "Sikujua kama ni..." Sentensi ikaishia hapo. Alijua kila rafu ya chumba kile. Alijua hata ni bawaba ipi ya dirisha inayolia.

Dada yake Nukta aliwahi kuolewa na kaka yake Mwalimu. Ndoa ilivunjika, dada akaondoka. Miezi michache baadaye mume aliugua, akafia mikononi mwa mama yake. Huo ndio mpangilio wa mambo: kuondoka kwanza, ugonjwa baadaye. Lakini katika kumbukumbu za Mama mambo hayo mawili yalikuwa yamebadilishana nafasi, na kila aliyejaribu kuyarudisha mahali pake alionyeshwa mlango.

"Kumbe mnafahamiana!" alisema yule mwenye koti jeupe.

"Kwa bahati mbaya," Mama alisema. "Tutafute pengine."

"Mama, tafadhali." Yule mwanamke alimshika mkono, akamwelekea Nukta. "Mimi ni mfamasia. Kutwa nzima kazi yangu ni kusoma lebo. Na lebo za dawa hazina adabu, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Basi siku moja ikaletwa chupa ya manukato. Jina lake limeandikwa mpaka nikasahau mteja. Nikauliza nani kaandika hivi, nikaelekezwa hapa. Nikasema herufi hizi ndizo za kadi yangu ya harusi, au harusi yenyewe haipo."

Gundi aliacha kukunja.

"Harusi," Nukta alisema. "Hongereni. Ni lini?"

"Mwisho wa mwezi," Mfamasia alijibu. Kisha akamvuta Mwalimu kwa mkono wa shati, kama mtu anayesogeza kiti karibu na meza. "Bwana harusi mwenyewe huyu. Msimwone kimya, ndivyo alivyo. Sijui darasani anafundishaje."

Nukta alivuta kiti, akakaa. Alifungua kabrasha la sampuli. Mikono ilijua kazi yake, akaiachia iendelee.

"Fonti hii tunaiita Utepe," alisema. "Ni ya mwandiko, yaani kila herufi imeshikana na mwenzake. Ugumu wake uko kwenye viungo. Mkia wa herufi moja lazima uishie palepale inapoanzia inayofuata, kimo kilekile, unene uleule, la sivyo neno linaonekana limeshonwa viraka. Inafaa kwa majina, kadi, vyeti, vibao vya maduka, chupa kama hiyo uliyoiona. Haifai kwa maelezo marefu, inachosha macho. Tarehe na anwani tutaandika kwa herufi za kawaida. Na neno zima kwa herufi kubwa haliandikwi. Herufi kubwa mbili za Utepe zikikaa pamoja zinagombana."

"Kama mawifi," Mfamasia alisema, akacheka peke yake.

Mama alikuwa ameinamia kabrasha. Kidole chake kilifuata mstari wa jina moja la mfano, kikapanda nao, kikazunguka nao, kikashuka. Uso wake ulibadilika. Ukawa uso wa mtu aliyekutana na kazi anayoifahamu.

"Hizi zimechorwa na kompyuta?"

"Kuna mtu aliandika kwa mkono," Nukta alisema. "Mimi nikachora juu ya mwandiko wake."

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

Sasa Nukta alimtazama Mwalimu waziwazi. Walikuwa wamekaa naye kwenye meza hiihii, jioni baada ya jioni, yeye akijaza karatasi kwa herufi, Nukta akiziskani na kuzichora upya, nukta kwa nukta, mkunjo kwa mkunjo. Mwaka mzima ulikwenda hivyo. Hapo ndipo walipopendana, kama kupendana kuna mahali pake. Nukta alikuwa akiukuza mwandiko wake kwenye kioo cha kompyuta mpaka kiungo kimoja kikajaa kioo kizima, na akadhani hakuna mwanamke aliyewahi kumwona mwanamume kwa karibu kiasi hicho.

Mwalimu alikuwa akisoma tangazo la bei ukutani.

"Nilijua ni mwanamume," Mama alisema. "Na huyu anajua anakokwenda. Tazama hapa. Anaingia, anazunguka, anatoka, hajasimama popote. Mimi nimefundisha watoto kuandika maisha yangu yote, nawaambia mwandiko hauongopi. Aliyeandika hivi akisema ndiyo ni ndiyo."

"Afadhali umwambie na mwanao amwige," Mfamasia alisema.

"Huyu wangu?" Mama alicheka, na kicheko chake kilikuwa na upendo mwingi. "Mwandiko wake ni mzuri, nani atakataa, nimemfundisha mwenyewe. Lakini husimama njiani. Tangu mdogo. Akifika nusu ya herufi ananyanyua kalamu, ananitazama usoni. Nikikubali kwa kichwa, anamalizia. Nilimchapa, nikambembeleza, wapi! Mpaka leo akiandika, ukiangalia vizuri, utaona mahali mstari umekatika."

"Mama," Mwalimu alisema, akitabasamu kama anayetajwa mbele ya darasa.

Nukta aliikumbuka mikatiko ile. Ilikuwa upana wa unywele, katikati ya mikunjo, kwenye kila karatasi. Aliamua mapema kwamba kalamu ni mbovu. Akanunua nyingine. Mikatiko ilipobaki, akalaumu karatasi, kisha mashine ya kuskani. Mwishowe aliiziba kwa mkono wake mwenyewe, mmoja mmoja, kila mstari akiunyoosha mpaka ukapita bila kusita. Mchoraji wa herufi anaona kasoro, anaiondoa; ndiyo kazi. Haikumjia kujiuliza kama ile kasoro ilikuwa ndiyo mtu mwenyewe.

"Karatasi ziko stoo," alisema, akisimama. "Bwana harusi aje achague."

"Nakuja na mimi," Mama alisema.

"Mama yangu, hebu nisaidie kwanza hapa," Gundi alidakia, akimsogezea rundo la bahasha. "Wewe umekaa na watoto, una jicho. Hizi mkunjo wake umekwenda upande au macho yangu yamezeeka?"

Mama aliweka miwani sawasawa. "Umekwenda upande," alisema kwa ukali. "Nani kakufundisha kukunja?"

Stoo ilikuwa nyembamba, rafu pande mbili, harufu ya karatasi kavu. Nukta aliurudisha mlango, hakuufunga.

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Leo jioni."

"Leo jioni, nikiwa nimeshaichapa kadi?"

"Sikujua kama tunakuja hapa. Wallahi. Niliambiwa tu twende tukaangalie kadi. Nilipoona barabara tunayoishika..."

"Ulipoona barabara ukafanya nini?"

"Nikadhani labda tutapita."

Nukta alimtazama. Shati lake la samawati lilikuwa na chaki kwenye pindo la mkono, na shule zimefungwa. Hilo ndilo shati alilokuwa amevaa siku ile ya mvua, walipobaki humu stoo mpaka giza likaingia, wakihesabiana makosa ya utotoni na kucheka. Alitaka kuipangusa ile chaki. Alifunga mikono kifuani.

"Unampenda?"

"Ni mtu mzuri."

"Sikuuliza hivyo."

"Mama anampenda."

"Basi Mama ndiye amuoe."

"Nukta." Alilitamka jina hilo kama alivyolitamka siku zote, taratibu, na bado likafanya kazi yake. "Ungemwona alivyokuwa baada ya kaka kufariki. Alikuwa hali, halali, anakaa na viatu vya kaka mapajani. Nilibaki mimi tu. Kila nikifungua mdomo kumwambia habari zako, namwona anavyogeuka uso akimkumbuka dada yako. Presha yake iko juu, moyo wake hauwezi. Nitamuua."

"Watu hawafi kwa kuambiwa ukweli."

"Humjui Mama."

"Nilidhani nakujua wewe, na hiyo ilinitosha." Sauti yake ilibaki chini, maana mlango ulikuwa wazi. "Zile kalamu nilizokununulia. Niliposema wino unakatika, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi. Ulisema umeshapata dawa yake."

"Ulikuwa unanyanyua kalamu umtazame nani? Tulikuwa wawili tu humu."

"Sijui," alisema, na Nukta aliona kwamba kweli hajui. "Mkono umezoea."

Kwa mbali walimsikia Mama akimfokea Gundi, na Gundi akiitikia, "Ndiyo, Mwalimu," kwa sauti ya mtoto.

"Nisikilize," Nukta alisema. "Prufu ikitoka, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, kawaida yetu bwana na bibi harusi wanasaini wote wawili, na kabla hawajasaini mimi huuliza kama kuna lolote la kubadilisha. Nitauliza. Wewe sema neno moja tu. Sema subirini. Mengine yote nitayasema mimi, mbele ya mama yako, na akinitukana nitatukanwa mimi."

"Neno moja?"

"Moja. Usiposema, sitakuuliza tena, si leo si mwakani. Unanijua."

Mwalimu alimshika mkono. Kidole gumba cha Nukta kilikuwa na wino, kama siku zote, naye akaupangusa kwa kidole chake mwenyewe, kama siku zote, na kwa muda huo mfupi hapakuwa na harusi wala mama wala mwisho wa mwezi. Macho yake yalikuwa na machozi. Machozi yalikuwa ya kweli. Nukta hakuwahi kuyatilia shaka mapenzi ya mtu huyu, wala hata sasa hakuyatilia.

"Nitasema," Mwalimu alisema.

Lakini kabla ya kusema alikuwa ametupa jicho mlangoni.

Walichagua karatasi ya rangi ya maziwa, laini, kwa sababu kwenye karatasi yenye mikwaruzo mistari myembamba ya Utepe huvunjika. Nukta alipanga maneno. Mama alitoa majina ya wazazi, Mfamasia akasahihisha la baba yake, Mama akataka jina la marehemu mume wake liwe juu, likawekwa juu. Majina ya maharusi yaliingia mwisho, makubwa, katikati. Nukta aliyatenganisha, akayasogeza, akayatenganisha tena kidogo, kwa sababu mkia wa jina la kwanza ulikuwa unaligusa la pili. Ilikuwa kazi nzuri. Angekuwa mwongo kama angesema vinginevyo.

Prufu ilitoka. Aliiweka mezani, akaweka kalamu juu yake.

"Isomeni," alisema. "Mkishasaini, mimi naipeleka mashineni, hakuna kurudi."

Mfamasia aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma kipimo cha dawa ya mtoto. Akatia saini yake, fupi na kavu, akamsogezea Mwalimu karatasi.

Nukta alisimama upande wa pili wa meza. Gundi alikuwa amejifanya anatafuta mkasi.

"Kuna lolote la kubadilisha?"

Mwalimu aliishika kalamu. Aliitazama kadi. Jina lake lilikuwa pale, kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna mtu mezani aliyelijua hilo isipokuwa wawili. Midomo yake ilifunguka. Nukta aliona lile neno likija, aliliona kabisa, likapanda hadi kooni.

"Unaulizwa wewe, mwanangu," Mama alisema kwa upole. "Mimi siolewi, mimi nimekwisha olewa zamani. Kama una neno, sema."

Hata mlango wa kutokea alifunguliwa, tena na yule aliyekuwa akimwogopa.

"Hapana," Mwalimu alisema. "Iko vizuri."

Akaanza kusaini. Katikati ya jina, kalamu ikanyanyuka. Akainua uso, akamtazama mama yake. Mama akakubali kwa kichwa, bila hata kujua kama amekubali, akaendelea kufunga mkoba wake. Mwalimu akamalizia.

"Asanteni," Nukta alisema.

Walitoka kama walivyoingia, Mama mbele. Mlangoni Mama aligeuka. Alitaka kusema jambo, akaonekana akilipima.

"Kazi yako nzuri," alisema. "Hilo siwezi kukunyima."

"Asante, Mama."

Mwalimu hakugeuka. Nukta aliwaangalia dirishani wakivuka barabara, yeye ameushika mkono wa mama yake kwa uangalifu, akitazama magari pande zote mbili.

Gundi alikuja akasimama karibu naye. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na alijaribu mawili matatu moyoni, hakuna lililofaa. "Nikakuletee chai?" aliuliza.

"Hapana."

"Nikamtukane?"

"Hatakujibu."

Hawajaondoka dirishani, mlango ukafunguliwa tena. Mfamasia alikuwa peke yake.

"Nimesahau koti," alisema.

Koti lilikuwa kwenye kiti, limekunjwa vizuri. Hakulichukua. Alikaa kwenye kiti cha jirani yake.

"Nimeliacha makusudi. Nimewaambia wanisubiri kwenye gari." Furaha ya asubuhi ilikuwa imemtoka usoni, na bila hiyo alionekana mtu mzima zaidi, na mwerevu zaidi. "Mama aliposema mwanawe husimama katikati ya herufi, wao walikuwa wanaangalia karatasi. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Ule mwandiko ni wake, siyo?"

Nukta angeweza kukana. "Ulikuwa wake," alisema. "Nimeubadilisha sana."

"Muda gani?"

"Miaka mitatu."

"Alikuahidi?"

"Aliniahidi."

Mfamasia alitikisa kichwa polepole. "Mimi hajaniahidi kitu. Mama yake ndiye aliyeniona, mama yake ndiye anayenipigia simu, mama yake ndiye aliyeniuliza napenda mapazia ya rangi gani. Yeye huja, anakaa, anatabasamu, anabeba mizigo."

"Amesema presha ya mama yake iko juu," Nukta alisema. "Kwamba ukweli utamuua."

"Presha ipi? Namwona kila Ijumaa pale dukani, nampima mwenyewe. Ni presha ya msichana. Yule bibi atatuzika sote."

Gundi alicheka bila kutaka, akajiziba mdomo.

Nukta hakucheka. Alikuwa akifikiri kwa haraka, jambo ambalo hakulifanya tangu asubuhi. Kama mama hana ugonjwa, na kama huyu mwanamke anajua, basi bado kulikuwa na mtu mmoja anayeweza kulisema lile neno.

"Unaweza kukataa," alisema. "Prufu iko hapa. Sijaipeleka."

"Naweza."

"Basi?"

Mfamasia alilichukua koti lake, akaliweka mapajani.

"Nina miaka thelathini na sita," alisema. "Nimeshachumbiwa mara mbili na wanaume wenye msimamo. Wa kwanza msimamo wake ulikuwa niache kazi. Wa pili alinivunja mkono, huu hapa, ukiushika utasikia mfupa. Wote walisema ndiyo ni ndiyo." Alisema hayo kama anayesoma lebo. "Huyu hatanipiga. Hilo ninalijua, na wewe unalijua."

"Ninalijua."

"Hatanizuia kazi. Hatanifokea. Nitagombana na mama yake, sawa, huyo nitamweza. Dada yangu, wewe ulitafuta mwanamume. Mimi natafuta nyumba tulivu. Ulichokikosa kwake sikuja kukitafuta."

"Anaweza kuwa anakutazama wewe huku anafikiria pengine."

"Ataniambia?"

Nukta aliitazama prufu.

"Hataniambia," Mfamasia alisema. "Basi nitaishi." Alisimama. Alisita, akaweka mkono wake juu ya meza, karibu na mkono wa Nukta, hakuugusa. "Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Nisingeolewa."

"Ndiyo maana umebaki na herufi," Mfamasia alisema, na hakukuwa na ubaya ndani yake. Alikuwa akisema tu jambo alilokuwa ameliona. "Samahani. Sikukusudia."

"Ni kweli. Usiombe radhi." Nukta aliichukua prufu. "Naweza kukuandikia kwa fonti nyingine. Zipo, na ni nzuri. Hakuna atakayeuliza."

Mfamasia aliitazama kadi kwa mara ya mwisho, majina mawili yaliyokaa katikati ya nafasi nyeupe.

"Hapana," alisema. "Nataka hizihizi."

Alipotoka alifunga mlango taratibu, kama watu wanavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Sikiliza," Gundi alisema. Alikuwa ameshavua aproni, ameivaa tena. "Tuseme ile sahani ya kuchapia imekwaruzika. Tuseme wino wa dhahabu umekwisha. Nikamwambie fundi wa mashine asubiri wiki mbili, mambo yakae sawa, labda yule kijana..."

"Haijakwaruzika," Nukta alisema. "Na wino upo."

"Nukta, mwenzangu."

"Nilimwambia mara moja tu, Gundi. Nilimaanisha."

Aliipeleka prufu nyuma mwenyewe. Fundi wa mashine, mtu mkimya mwenye pamba masikioni, aliipokea, akaangalia saini mbili, akawasha. Mashine ilikohoa, ikapata mwendo wake. Kwa utaratibu wa karakana, karatasi ya kwanza inakaguliwa na mchoraji. Akiona kasoro, kazi inasimama mpaka irekebishwe, na hakuna bosi wala mteja anayeweza kumpinga.

Karatasi ya kwanza ilitoka. Nukta aliichukua kwa ncha za vidole, akaisogeza chini ya taa, akainamisha kioo cha kukuzia. Alianza na jina la bwana harusi. Alifuata kila mstari, palipo pembamba na palipo panene, alipita kwenye kila kiungo, akarudi mwanzo akapita tena. Alitafuta mstari uliovunjika. Alitafuta doa, ukungu wa wino, mkia uliokosa kufika. Fundi wa mashine alimsubiri, mkono kwenye swichi. Nukta alikagua muda mrefu kuliko alivyowahi kukagua kazi yoyote, mpaka macho yakaanza kumwuma.

Hakukuwa na kasoro. Alikuwa ameziondoa zote.

"Endelea," alimwambia fundi.